Tumuenzi Dk. Kabourou kwa Kulinda Kazi za Watu wa Kigoma

Barua ya wazi kwa wabunge wa Mkoa wa Kigoma na madiwani wa Manispaa ya Kigoma Ujiji

Waheshimiwa,



Ninawaandikia kutoka Ujiji. Sina kadi ya chama chochote, na barua hii sikutumwa na mtu. Kilichonifanya nishike kalamu ni jina la mtu mmoja ambaye pande zenu zote mbili, chama tawala na upinzani, zilikaa naye meza moja kwa wakati wake: marehemu Dk. Aman Walid Kabourou, aliyetutoka Machi 2018. Kila Machi ikirudi nasikia watu wakimtaja kwenye mabaraza ya kahawa, kila mmoja kwa namna yake. Wengine humtaja kama Kabourou wa Chadema, Katibu Mkuu aliyeing'arisha Kigoma kwenye ramani ya upinzani. Wengine humtaja kama Kabourou wa CCM, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa chama hicho mkoani hapa. Na kwa kuwa alipita pande zote mbili, naona kila upande unaona haya kumshika kama wake.

Mimi nasema hilo ndilo linalotufaa. Marehemu sasa hana chama. Ni wa Kigoma. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na huyu alicheza kwao.

Naomba niwakumbushe jambo moja kuhusu yeye, kwa sababu ombi langu lote limesimama juu yake.

Februari 1994, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi, mji wetu ulifanya uchaguzi mdogo wa ubunge. Mgombea wa CCM akatangazwa mshindi. Kabourou hakukubali, akaandika malalamiko yake, akayapeleka mahakamani. Mahakama Kuu ikatengua matokeo. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani nayo ikaona Kabourou ana haki. Shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Aman Walid Kabourou limo kwenye taarifa za sheria za mwaka 1996, na mawakili wa kesi za uchaguzi hawajaacha kulinukuu mpaka leo. Redio ya taifa ilikemewa kwa kuegemea upande mmoja. Na miongoni mwa hoja zilizobishaniwa mle ndani ilikuwa barabara ya mji wetu: ahadi na matengenezo yaliyokuja wakati wa kampeni, wakati kura inatafutwa.

Uchaguzi Mkuu wa 1995 ulipofika, akaingia bungeni. Mwaka 2000 akarudi tena.

Mimi somo nililolichukua katika kesi ile ni hili: maneno ya jukwaani hayamlindi mtu. Linalomlinda ni lile lililoandikwa, likasomwa mbele ya wote, likawa na mtu wa kuulizwa. Kabourou alikuwa na maneno mengi matamu, sote tuliomsikiliza Mwanga na Kigoma Mjini tunajua, lakini ushindi wake mkubwa kwa wana Kigoma aliupata kwa karatasi.

Waheshimiwa, leo vijana wetu wanapoteza kazi kwa kukosa karatasi. Ndiyo maana nawaandikia.

Nianze na kijana wa nyumbani kwangu, mtoto wa dada yangu. Amezaliwa Ujiji, mama yake amezaliwa Ujiji, bibi yake amezikwa Ujiji. Ana cheti cha ufundi wa kuchomelea. Mwaka juzi alisikia kuna saiti inachukua mafundi, akaamka saa kumi za usiku, akapanga foleni getini. Alipofikiwa, hakuulizwa anajua kuchomelea nini. Aliulizwa jina la ukoo. Jina lake ni la Kimanyema, la watu ambao asili yao ni ng'ambo ya ziwa. Akaambiwa akalete uthibitisho wa uraia wa babu yake. Alizunguka ofisi kwa ofisi wiki mbili, na aliporudi na barua mkononi nafasi zilikuwa zimejaa. Sitaji saiti wala ofisi, kwa sababu tatizo si la geti moja. Kila mtu wa Kigoma anayesoma barua hii ana kijana wake wa namna hiyo.

Ujiji ni mji uliojengwa na wageni waliofanywa wenyeji. Hapa ndipo misafara kutoka pwani ilipotua mizigo. Hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na wakati huo mji ulikuwa tayari una Waha, Wajiji, Waswahili wa mwambao, Waarabu na watu waliovushwa kutoka ng'ambo ya ziwa, wengine kwa hiari na wengi kwa minyororo. Wajukuu wa watu hao ndio sisi. Tulikuwa hapa kabla mipaka haijachorwa. Mtu wa Moshi au wa Lindi anapoomba kazi haulizwi babu yake alizikwa wapi. Wa Kigoma anaulizwa kwenye geti la kazi, kwenye stendi ya basi, hata akiwa chuoni Dodoma.

Nalisema hili mapema kwa makusudi. Siku hizi neno "ajira kwa wazawa" liko kila mdomo, nami naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini kwa mkoa wetu neno hilo ni kisu chenye makali pande mbili. Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, na kununua mazao shambani. Nia ni njema. Kariakoo wanaielewa vizuri. Hapa Kigoma, fundi simu wa Mwanga anaweza kufungiwa kibanda chake kwa sababu anaongea Kiha chenye lafudhi inayofanana na Kirundi. Amri ileile iliyowekwa imlinde ndiyo itakayomnyang'anya kazi, kama hatutakuwa tumekubaliana kwanza nani mzawa.

Kwa hiyo kulinda kazi za watu wa Kigoma kunaanza na kumtambua mtu wa Kigoma.

Wapo watakaoniambia: basi tuwafukuze Warundi na Wakongo, kazi zitabaki. Nawaheshimu wanaosema hivyo, lakini hawajakaa bandarini wakaangalia. Mzigo mkubwa unaopita bandari ya Kigoma unakwenda Burundi na Kongo. Mpakiaji wetu, mpiga debe wetu, mama ntilie wa Kibirizi, wote wanakula kwa mzigo wa jirani. Dk. Kabourou mwenyewe alikuwa mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki kuanzia 2006 hadi 2012. Ni katika miaka hiyo Burundi ilipojiunga na Jumuiya, Julai 2007, na Soko la Pamoja likaanza kufanya kazi Julai 2010. Kongo nayo iliingia mwaka 2022. Mji tulioutania kwa miaka mingi kuwa ni mwisho wa reli ukajikuta uko katikati ya Jumuiya, na mtu wa kwetu alikuwa ndani ya Bunge hilo la Jumuiya mlango ulipokuwa unafunguliwa.

Soko lile halikufungua kila kazi kwa kila mtu. Tanzania ilifungua ajira kwa kada maalumu tu, hasa za wataalamu. Kibarua wa shamba hayumo. Sasa nendeni Kasulu au Kibondo msimu wa kulima muone nani yuko shambani na analipwa nini. Mrundi masikini anavuka usiku, analima kutwa, analipwa nusu ya anacholipwa kijana wa kijijini, na akidai anatishiwa kuitiwa Uhamiaji. Anayempokonya kijana wa Kasulu kazi ni mwajiri anayelipa nusu. Malipo yakiwa sawa kwa wote, kwa kiwango cha chini kilichowekwa na Serikali, hakuna mwenye shamba atakayehangaika kutafuta mtu wa kumficha. Ukaguzi wa kazi mashambani utalinda vijana wetu kuliko msako wa kuwakamata watu wa jirani njiani.

Waheshimiwa, niruhusuni niwapeleke mwaloni.

Kunapokucha kwenye mwalo wa Katonga, vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, vinarudi kutoka ziwani taa zao bado zinawaka kwa mbali. Ndoo zinashushwa, bei inapigwa kelele, na kabla jua halijapanda wanawake wameshachukua dagaa wao na kuwamwaga juu ya vichanja. Kazi ya kuanika haionekani kuwa kazi kwa anayepita. Lakini mwanamke huyo anawatawanya dagaa kwa kiganja ili wasipandane, anawageuza, anafukuza ndege, anaangalia mawingu ya upande wa Kongo, na wingu likisogea anawakusanya wote kwa dakika chache. Mvua ikimshinda, mtaji wa wiki umeoza. Shangazi yangu amefanya kazi hiyo tangu mimi sijaanza shule. Viganja vyake vimekuwa vigumu kama gome la mti. Amesomesha watoto wanne kwa vichanja viwili.

Tarehe 15 Mei 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu, mpaka tarehe 15 Agosti, ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Sipingi ziwa kupumzishwa. Ziwa Tanganyika tunalitumia nchi nne, sisi na Kongo, Burundi na Zambia, na kila mzee wa mwaloni atawaambia samaki wamepungua na migebuka imekuwa midogo. Ziwa likifa hakuna kazi ya kulinda. Swali langu ni hili: katika miezi hiyo mitatu, wanawake wa vichanja walikuwa wapi kwenye karatasi? Mwenye chombo ana leseni, anafahamika. Mvuvi ana kitabu chake. Shangazi yangu hayumo popote. Hana leseni, hana kikundi chenye usajili, hana mtu wa kumuuliza. Alikaa miezi mitatu akiuza vitumbua. Kama hatuandikwi, tunapoumia hakuna anayejua kuwa tumeumia.

Na mawese ni vivyo hivyo. Tangu mwaka 2018 mchikichi ni zao la kimkakati, kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha mbegu bora, na miche imegawiwa. Nchi yetu inaagiza mafuta ya kula kutoka nje kila mwaka wakati mchikichi umesimama nyuma ya nyumba ya karibu kila mtu wa Simbo na Mwandiga. Lakini mama anayekamua bado anatumbukiza mikono kwenye pipa la moto, na mafuta yake yanaondoka kwenye madumu kwenda kusafishwa na kupewa jina mahali pengine. Ajira ya kukamua tunabaki nayo, ajira ya kusafisha na kufungasha inapanda lori.

Nije kwenye reli na meli, ambako fedha kubwa iko sasa.

Reli ya kati ilifika hapa mwanzoni mwa mwaka 1914. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha 5,000, ikaletwa mpaka hapa na kuungwa upya, na mwaka 1915 ikashushwa ziwani. Ndiyo hii tunayoiita Liemba. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari. Kuiunga walikuja mafundi watatu kutoka Papenburg. Majina yao yamo vitabuni. Waliobeba vyuma kutoka stesheni na kupiga ribiti juani walikuwa vibarua wengi, Waafrika na Wahindi, na majina yao sijayakuta popote. Mafundi watatu waliondoka na ujuzi wao. Zaidi ya miaka mia imepita, na Liemba ikiharibika sana bado tunatazama nje.

Sasa inajengwa reli ya pili, ya kisasa, kilomita 506 kutoka Tabora mpaka hapa. Naomba isijengwe kama ile ya kwanza. Kijana wa Kigoma asiingie kwenye hadithi hii akiwa mbeba chuma na kutoka akiwa mbeba chuma.

Sheria tunayo. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inasema kibali cha kazi kitolewe pale tu Kamishna wa Kazi akiridhika kwamba hakuna Mtanzania mwenye ujuzi huo. Inasema pia mwajiri awe na mpango wa kurithisha ujuzi, yaani mgeni huyu anamfundisha nani, na kwa muda gani, mpaka Mtanzania ashike nafasi yake. Huo ndio moyo wa sheria. Mgeni aje, tumheshimu, tujifunze kwake, na akiondoka kazi ibaki. Lakini mpango wa kurithisha ukikaa ndani ya faili, hauna tofauti na ahadi ya kampeni.

Basi, Waheshimiwa, naomba mambo manne, na nayaomba kwa jina la marehemu.

La kwanza ni la uraia. Wabunge, simameni pamoja bila kujali chama mkaidai kanuni moja: mtu akishahakikiwa na kupewa kitambulisho cha taifa, asiulizwe tena babu yake na kila geti. Madiwani, kila kata iwe na siku zinazojulikana ambapo mtendaji, wenyeviti wa mitaa na wazee wanakaa na maofisa wanaohusika, kijana anahakikiwa hapohapo na wanaomjua, kwa barua moja inayokubalika kila mahali.

La pili ni la mwaloni. Kabla ziwa halijafungwa tena, waandikeni waanikaji, wachuuzi na wabeba ndoo wa Katonga, Kibirizi na Ujiji, jina kwa jina. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo zipangwe kufuata kalenda ya ziwa, ili mama aliyeandikwa apate mtaji wa kazi nyingine kabla ya tarehe 15 Mei, na kichanja kilichoezekwa kabla ya mvua. Vikundi vya mawese navyo vikopeshwe mashine ya kusafisha na kufungasha, isiwe ya kukamua peke yake.

La tatu ni la saiti. Kila baada ya miezi mitatu, Baraza la Madiwani lipokee taarifa ya kila mradi mkubwa ulio katika manispaa yetu, na wabunge mdai ileile kwa mkoa mzima. Wageni wangapi wana vibali, wanafanya kazi gani, na nyuma ya kila mmoja wao kuna Mtanzania gani anayejifunza. Taarifa hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata. Mkaguzi wa kazi naye afike mashambani na saiti, aulize malipo ya mzawa na ya mgeni.

La nne ni la kumuenzi Kabourou mwenyewe. Najua desturi ni kumpa marehemu jina la mtaa. Mimi naomba jina lake lipewe nafasi za mafunzo. Kila mwaka halmashauri iwalipie vijana wachache, hata wakiwa kumi, VETA ya hapa Kigoma na chuo cha uvuvi kilichopo hapahapa: mchomeleaji, fundi wa injini za boti, fundi wa umeme wa reli, msindikaji wa samaki. Waitwe vijana wa Kabourou. Orodha yao isomwe hadharani kila Machi, na mwaka unaofuata tuambiwe kila mmoja yuko wapi na anafanya kazi gani.

Najua mtaniambia fedha ni kidogo. Mengi niliyoomba hayataki fedha nyingi. Yanataka daftari, kalamu, kikao kinachoanza kwa wakati, na mbunge wa chama hiki akubali kumpigia simu mbunge wa chama kile. Kabourou alijua uchungu wa kuwa peke yake upande mmoja na alijua uzito wa kukaa upande mwingine. Mkikaa pamoja kwa ajili ya jambo hili mtakuwa mmemzika vizuri kuliko tulivyomzika Machi ile.

Na kwenu wana Kigoma wenzangu mtakaosoma barua hii, tusiwaachie waheshimiwa peke yao. Nendeni kwenye mikutano ya mitaa. Ulizeni taarifa. Mpelekeni kijana akaandikwe. Mama wa mwaloni, undeni vikundi, mshike usajili.

Waheshimiwa, barabara tulishaahidiwa mwaka 1994. Safari hii tunaomba kazi, na tunaomba iandikwe.

Wenu katika ujenzi wa mkoa wetu,

Mkazi wa Ujiji